Barua ya wazi kwa wakuu wa hospitali za Kanda ya Ziwa: Kidole tumbo hakisubiri majibu ya maabara

Kwa:
Waganga Wafawidhi, Wakuu wa Idara za Upasuaji na Wenye Mamlaka ya Afya,
Kanda ya Ziwa.

YAH: KUCHELEWESHWA KWA WAGONJWA WA KIDOLE TUMBO WAKATI WA MLIPUKO WA MAGONJWA

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Hivyo ndivyo nilivyoanza barua yangu ya kwanza, Septemba 2021, na hivyo ndivyo nilivyoanza ya pili na ya tatu. Ya kwanza niliipeleka kwa mkono, mpokeaji akasaini kwenye daftari langu. Ya pili niliambiwa iko mezani kwa mkubwa. Ya tatu, ya Februari 2025, iliishia kwenye simu ya dakika moja: "Mama, suala lako tumelipokea, tutalifanyia kazi." Sijui kazi hiyo inafanyiwa wapi. Ndiyo maana hii ya nne naiandika mbele ya watu.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimesimama chumba cha upasuaji miaka 27, nikipokea na kutoa vyombo, nikihesabu gozi kabla tumbo halijafungwa. Hospitali ninayoilalamikia sikuwahi kuifanyia kazi na sitaitaja. Nikiitaja moja, nyingine zitashusha pumzi na kusema si sisi, wakati ninachokilalamikia ni utaratibu, na utaratibu huo unaweza kurudi kwenye geti lolote siku mlipuko mwingine ukibisha hodi.

Kwanza niseme kilichotokea, kwa saa na tarehe, maana kwenye ugonjwa huu saa ndiyo kila kitu.

Kijana ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, kwa hiyo ni mwanangu. Wakati ule alikuwa na miaka 19, akifanya kazi ya dagaa kwenye kisiwa kimoja upande wa Ukerewe. Jumapili tarehe 25 Julai 2021 mbalamwezi ilikuwa kubwa. Usiku kama huo taa za dagaa hazina kazi, na kambi nzima ilikuwa imepumzika. Saa 4 usiku tumbo likaanza kumuuma kuzunguka kitovu. Wenzake wakasema chango. Kulipokucha mwingine akasema ngiri hiyo, akamchemshia mizizi. Mimi nilipopigiwa simu Jumatatu asubuhi nilitamka maneno ninayoyajutia mpaka leo: "Itakuwa minyoo au kichocho, kunywa uji upumzike, jioni unipigie." Miaka 27 chumba cha upasuaji, na nikasema hivyo. Wa kwanza kumchelewesha ni mimi, na liandikwe hivyo.

Jioni alipiga. Nikamuuliza maumivu yako wapi sasa. "Yamehama, Mama Mkubwa. Yako kulia, chini, karibu na nyonga." Umekula? "Hata harufu ya chakula siitaki." Umetapika? "Mara mbili." Nikamwambia apande chombo chochote kinachokuja Mwanza usiku uleule. Alipata boti ya mizigo, akalala juu ya magunia ya dagaa. Baadaye alinisimulia kuwa njia nzima hakulizwa na maumivu yenyewe, alilizwa na mawimbi, kila boti ilipodunda. Kwa mtu wa upasuaji hiyo ni dalili tosha: utando wa tumbo ukishawaka kwa ndani, mgonjwa hastahimili kutikiswa.

Jumanne saa 11 alfajiri alishuka Mwaloni, Kirumba. Nilimlaza kwenye benchi la mama lishe mmoja ambaye hata moto alikuwa hajawasha, nikabonyeza kulia chini taratibu, kisha nikaachia ghafla. Aliruka. Saa 1 asubuhi bajaji ilikuwa imetufikisha kwenye geti la hospitali. Zilikuwa zimepita saa 33 tangu maumivu yaanze, na bado tulikuwa na nafasi.

Getini walimlenga paji la uso kwa kile kipima joto cha bastola. Nyuzi 38.2. Wakamsikia akikohoa. Anayeishi kambi ya wavuvi na kupikia kuni mbichi hakosi kikohozi, lakini homa na kikohozi, Julai 2021, nani angewalaumu? Hata mimi ningemtenga. Wakampeleka hemani, walikotengwa waliodhaniwa kuwa na UVIKO-19, yaani korona.

Hemani hakuna aliyemgusa tumbo. Sisemi kwa kusikia. Faili nimelisoma baadaye kwa macho yangu: joto, mapigo ya moyo, oksijeni kidoleni, alikotoka, sampuli ya puani. Nafasi ya tumbo kwenye fomu iliachwa tupu. Majibu, tuliambiwa, siku mbili au tatu. Nikasimama kwenye uzio nikamwambia muuguzi wa zamu, binti wa umri wa kitinda mimba wangu: "Mwanangu, huyu ni kidole tumbo, mwite daktari wa upasuaji." Akanijibu kwa adabu zote: "Shikamoo mama. Daktari wa upasuaji haingii huku mpaka majibu yatoke." Nikaenda upasuaji wenyewe. Wakasema aletwe wodini watamwona. Hema linasema wodi ije, wodi inasema hema limlete. Nilipima kwa miguu yangu, maana sikuwa na kazi nyingine: kutoka hema hadi mlango wa wodi ni hatua 60.

Jumatano ikapita hivyo. Tarehe 28 naikumbuka kwa sababu redio ya walinzi ilikuwa ikitangaza Rais Samia Suluhu Hassan akichanjwa Ikulu, Dar es Salaam, siku ya uzinduzi wa chanjo ya UVIKO-19. Saa 3 usiku kijana akanipigia kwa furaha: maumivu yamekatika ghafla. Hata kwenye faili waliandika "anaendelea vizuri". Mimi nilikaa chini palepale kwenye uzio. Kidole tumbo kilichojaa kikipasuka, ule mkandamizo unaachia, mgonjwa anapata nafuu ya saa chache, kisha usaha unasambaa tumbo zima. Nafuu ile nimeiona mara nyingi kazini, na kila mara kilichofuata kilikuwa mkato mrefu kutoka juu ya kitovu kwenda chini.

Alhamisi asubuhi nilisaini kumtoa kwa hiari yetu, nikampeleka hospitali nyingine. Huko walivaa kama watu wanaoingia kwa mgonjwa wa UVIKO, wakampasua kama mgonjwa wa kidole tumbo. Saa 7 mchana alikuwa mezani. Ni saa 54 tangu tufike geti la kwanza. Walitoa usaha, wakaosha tumbo kwa lita na lita za maji ya chumvi, kidonda cha nje kikaachwa wazi. Alilazwa siku 23. Bili ilifika milioni moja na laki nane, na injini ya mtumbwi, mali pekee aliyoachiwa na mama yake, ikauzwa. Majibu ya sampuli yalitoka siku ya sita. Hakuwa na UVIKO-19.

MALALAMIKO YANGU

1. Homa iligeuzwa hukumu.

Kidole tumbo chenyewe kinaleta homa. Malaria inaleta, taifodi inaleta, mkojo mchafu unaleta, na huku kwetu ziwani kichocho nacho kina visa vyake vya tumbo. Mnapochambua wagonjwa kwa kipima joto peke yake, kila tumbo lililooza litaishia hemani pamoja na wenye mafua.

Na msiniambie hakukuwa na namna ya kutambua bila mashine kubwa. Ipo hesabu ya alama iliyotolewa mwaka 1986 na daktari Alvarado, inafundishwa vyuoni, wengi wenu mmeifanyia mtihani. Jumla ni alama 10. Maumivu kuhamia kulia chini, 1. Kukosa hamu ya kula, 1. Kichefuchefu au kutapika, 1. Kuuma panapobonyezwa kulia chini, 2. Kuuma mkono unapoachiwa, 1. Joto, 1. Zinazobaki 3 zinatoka kwenye kipimo cha damu: 2 kwa chembe nyeupe kuwa nyingi, 1 kwa aina ya chembe hizo. Mhesabieni kijana wangu. Alikuwa na 7 kabla hajachomwa sindano ya damu, na 7 ni alama ya kumwita daktari wa upasuaji. Nilizihesabu kwenye benchi la mama lishe, kwa mkono mtupu, kabla jua halijachomoza.

2. Saa ilihesabiwa upande mmoja tu.

Ninyi mlihesabu saa za virusi: ameonana na nani, lini, majibu yatatoka lini. Hakuna aliyehesabu saa za tumbo. Wasomaji wasio wa fani waniwie radhi nieleze kidogo. Kidole tumbo ni kimfuko chembamba kilichoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, mdomo wake ni mwembamba. Ukizibwa, mara nyingi na kipande cha choo kilichokauka kama jiwe au na tezi zilizovimba, maji yanajaa ndani, bakteria wanazaana, ukuta unavimba mpaka damu inashindwa kupita. Nyama isiyopata damu inaoza. Kadiri saa zinavyosogea, na hasa zikipita kama 36, hatari ya kutoboka inapanda. Kikifanyiwa kazi mapema, wagonjwa wengi wanarudi nyumbani baada ya siku chache. Kikitoboka mnagombana na usaha wiki nzima, na miaka ya mbele utumbo unaweza kugandamana na kujifunga.

Mwaka 1902 Uingereza ilikuwa tayari kumtawaza mfalme wake, Edward VII, tarehe 26 Juni, wageni wamefika, vyakula viko jikoni. Jipu la kidole tumbo likamshika. Tarehe 24 akapasuliwa, na sherehe ikasogezwa mpaka tarehe 9 Agosti. Taji la mfalme lilisubiri kidole tumbo. Swabu ya puani nayo ingesubiri.

3. Wakati wa kungoja hakupewa kitu.

Siku mbili hemani: vidonge viwili vya kushusha homa, vya kumeza, kwa mtu anayetapika. Hakutundikiwa dripu. Hakupigwa sindano ya antibayotiki, dawa ambazo ziko kwenye kabati za hospitali zetu zote. Hakupewa cha maumivu kwa sababu, niliambiwa, "kitaficha dalili". Imani hiyo ilikuwepo nilipoanza kazi, na ilishaachwa kabla sijastaafu. Na ningependa kujua ni dalili gani ilikuwa inafichwa kwa mtu ambaye hakuna anayemtazama.

4. Watu wamejifunza kulikwepa geti.

Hili linaniuma kuliko yote. Mwaka 2020 na 2021 watu walisema "changamoto ya upumuaji" kwa sauti ya chini badala ya kuitaja korona, na walioogopa hema walikuwa wengi kuliko walioogopa ugonjwa. Ukiwa na homa unajifukiza nyungu nyumbani, huendi hospitali. Mwenye tumbo naye akafuata mkumbo. Si kwetu tu. Nchi nyingi zilizoandika kumbukumbu za miezi ile zilikuta vidole tumbo vyepesi vimepungua wodini na vilivyopasuka vimeongezeka, maana watu walibaki majumbani. Lakini huku mwaloni habari ya hema ilisambaa kwa jina la kijana wangu. Mwaka uliofuata mvuvi mmoja wa kambi ileile alikaa na maumivu siku nne, akisema hawezi kwenda "kufungiwa kama yule". Alifika akiwa amechelewa mno. Ndugu zake hawapendi nisimulie zaidi ya hapo, na nawaheshimu.

5. Hakuna anayejibu.

NAJUA MTAKACHOSEMA

Mtasema mlikuwa mnawalinda watumishi. Nakubali, na sisemi kwa adabu tu. Wapo niliofanya nao kazi ambao nimewazika. Tena nitawasaidia hoja, maana ile iliyo bora kuliko zote sijawahi kuisikia mkiitumia. Aprili 1995 kule Kikwit, Zaire ya wakati ule, mtumishi wa maabara ya hospitali alilazwa na homa na tumbo. Tarehe 10 na 11 akafanyiwa upasuaji kwa kudhaniwa utumbo umetoboka. Ilikuwa Ebola. Siku chache baadaye watumishi wa hospitali ileile wakaanza kuugua. Mtu wa chumba cha upasuaji akikisoma kisa hicho halali. Na sisi Kanda ya Ziwa si wasikilizaji wa mbali: Marburg, nduguye Ebola, ilitangazwa Kagera tarehe 21 Machi 2023, ikaondoka na watu 6 kati ya 9 waliougua, na tarehe 20 Januari 2025 ikatangazwa tena, Biharamulo, hukohuko Kagera. Homa na tumbo vinaweza kuwa Marburg. Najua.

Lakini kisomeni tena kisa cha Kikwit. Watu hawakuangamia kwa sababu waliharakisha kumwangalia mgonjwa. Waliangamia kwa sababu walimpasua bila kujua na bila kujikinga. Ninachokililia mimi ni kinyume chake: kujua mapema, na kujikinga mapema. Mtu aliyevaa gauni, glovu mbili, barakoa na kinga ya macho anaweza kubonyeza tumbo dakika tatu na akatoka salama. Vifaa hivyo vilikuwepo hemani. Aliyechukua sampuli ya puani alikuwa amevivaa. Mkono wake ulikuwa sentimita 50 kutoka kwenye tumbo lile.

Mtasema kumpasua mwenye UVIKO kulikuwa hatari. Kulikuwa hatari kweli. Utafiti wa Mei 2020 uliokusanya wagonjwa 1,128 kutoka nchi 24, waliopasuliwa wakiwa na virusi hivyo, ulikuta asilimia 23.8 walikufa ndani ya siku 30. Takwimu hiyo ilitisha dunia nzima, na ilikuwa sawa itishe. Ila waliokuwa hatarini zaidi humo ni wenye miaka 70 na kuendelea, wenye saratani, wenye maradhi mengine mazito. Ilikuwa sababu ya kuahirisha ngiri na goita. Kwa kijana wa miaka 19 mwenye tumbo linaloelekea kupasuka, mnapima hatari mbili, na mojawapo mlikataa kuitia kwenye mizani. Halafu zipo njia za kupunguza: mkato mdogo badala ya upasuaji wa matundu, ambao mwanzoni mwa janga wapasuaji wa Uingereza waliogopa gesi yake ingetawanya virusi, na ganzi ya mgongoni badala ya nusu kaputi, ili bomba lisipitishwe kooni na kumwaga pumzi za mgonjwa chumba kizima. Mkato na ganzi ya mgongoni ndiyo maisha yetu ya kila siku huku. Kwa mara moja umaskini wetu wa vifaa ulikuwa upande wetu.

Mtasema dawa peke yake zingetosha, hata Ulaya na Marekani wakati wa janga walitibu kwa dawa. Ni kweli, na hili nalitaka lieleweke kwa sababu limeanza kunukuliwa nusunusu. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka Oktoba 2020 uliwachukua watu wazima 1,552. Waliopewa antibayotiki, karibu 3 kati ya 10 walilazimika kupasuliwa ndani ya siku 90. Waliokuwa na lile jiwe la choo mdomoni mwa kidole tumbo, 4 kati ya 10. Maana yake 7 kati ya 10 waliepuka kisu kwa muda huo, na katikati ya janga hilo si jambo dogo. Ningelipokea kwa mikono miwili. Lakini wale waliopewa dawa walikuwa wamepigwa picha kwanza, wenye tumbo lililokwisha kuchafuka hawakuingizwa, na kila mmoja alikuwa akifuatiliwa. Kumtibu mtu kwa dawa ni matibabu. Kijana wangu hakupewa kisu wala dawa.

Mtasema wagonjwa wenyewe wanachelewa, wanaanzia kwa mganga wa mizizi. Nimeshakiri la kwangu hapo juu. Kirini na la kwenu.

Mtasema bajeti. Kati ya ninayoyaomba hapa chini, zaidi ya nusu ni karatasi, mkanda wa kuchora sakafuni na mtu wa kuamua.

NINACHOOMBA

Kwanza, mwenye homa akiwa na maumivu ya tumbo apimwe tumbo na daktari aliyevaa kinga, hukohuko hemani, ndani ya saa moja, na alama zake ziandikwe kwenye faili. Nafasi ya tumbo ikiachwa tupu, faili lisipokelewe.

Pili, anayefikisha alama 7 ahesabiwe kuwa ana ugonjwa wa mlipuko na ana kidole tumbo, vyote viwili, mpaka ithibitike vinginevyo. Dripu, antibayotiki ya mshipa na dawa ya maumivu vianze palepale. Uamuzi wa kupasua ufanywe na daktari wa upasuaji pamoja na wa usingizi, kwa kumwona mgonjwa, siyo kwa simu. Kama mlipuko ni wa Marburg au Ebola, sampuli yake itangulizwe kuliko zote, dawa zikiendelea, na kisu kisubiri amri ya wakubwa wawili walioandika majina yao. Hapo nakubali kusubiri. Ninachokataa ni kusubiri kusiko na mwenyewe.

Tatu, kila hospitali yenye chumba cha upasuaji itenge meza moja na njia moja ya kumfikisha mgonjwa wa hemani bila kukatiza wodi. Wasio na uwezo waseme mapema, na iandikwe nani anampokea mgonjwa wao na gari la nani linambeba. Kwa visiwani iandikwe boti. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025 na wa Sengerema wamepona foleni ya kivuko. Wa Ukara, Irugwa na kambi za dagaa bado wanategemea huruma ya boti za mizigo. Mtu wa kwanza kuzingatiwa kwenye mpango wowote wa rufaa ziwani awe yule aliyelala juu ya magunia.

Nne, getini pabandikwe kwa Kiswahili, herufi kubwa: maumivu yaliyoanzia kitovuni yakahamia kulia chini, sema hapahapa. Na zahanati za visiwani wapewe karatasi hiyohiyo, pamoja na viongozi wa kambi za wavuvi, maana wao ndio wanaoamua boti iondoke au isiondoke. Waganga wa mizizi nao wapewe. Nimeongea na wawili. Hawakukasirika hata kidogo, walitaka kujua tofauti yake na chango.

Tano, kila mwezi wa mlipuko mhesabu vidole tumbo mlivyopasua, vingapi vilikuwa vimetoboka, na saa ngapi zilipita tangu mgonjwa afike getini. Namba tatu tu. Zipo kwenye daftari la chumba cha upasuaji. Nimeliandika miaka 27, najua zilipo. Mzitoe hadharani.

Sita, mfanye zoezi mara mbili kwa mwaka, muuguzi mmoja ajifanye mgonjwa mwenye homa na tumbo. Nitajitolea kuwa mgonjwa huyo. Nina miaka 63, naweza kujikunja vizuri.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba dharura ya UVIKO-19 imekwisha. Mahema yalikunjwa yakarudishwa stoo. Mwanzoni mwa 2025, Biharamulo ilipotangazwa, nilikwenda kuuliza kama sasa kuna maandishi yoyote ya mgonjwa wa upasuaji atakayekutwa na homa getini. Nilioneshwa ndoo ya kunawia mikono. Ilikuwa ndoo nzuri, ina bomba.

Sidai fidia. Injini imeshauzwa na kijana ameshanunua nyingine, ya mkopo. Hashuki tena ziwani miezi ya baridi kwa sababu kovu linambana, anakaa mwaloni anasimamia mizani. Hii barua ameisoma kabla yenu, na amefuta mistari miwili aliyoona inamfanya aonekane mnyonge.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, lenye jina na cheo cha aliyeliandika. Kama mnaona nimekosea kitabibu mahali popote, nionesheni mahali hapo. Nitasahihisha hadharani kama nilivyoandika hadharani. Kama mnaona niko sawa lakini haiwezekani, niandikieni ni kipi kati ya hayo sita hakiwezekani na kwa nini. Siku ya 31, kama hakuna kitu, nitakuja na daftari langu la saini, nikae kwenye benchi la mapokezi mpaka mtu asaini kwamba amenisikia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mstaafu,
Igoma, Mwanza.

Nakala:
Viongozi wa kambi za dagaa, Ukerewe
Mama lishe wa benchi, Mwaloni Kirumba
Faili